Saa 12:18 Jioni: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa Lililokuwa Likiganda

Barua ililetwa kwa mkono. Karatasi mbili za fulskepu zilizokunjwa mara nne, saini 41, na juu yake "Kwa Mkuu wa Masomo ya Mbali" kwa wino wa buluu. Ilikuwa Ijumaa, 24 Mei 2024. Aliyeileta ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Msambweni, mwanafunzi wetu wa shahada ya ualimu. Alipanda matatu hadi Likoni, akavuka feri, akapanda matatu nyingine hadi chuoni, ili atueleze kwamba darasa letu la mtandaoni halimfikii. Nikamwuliza mbona hakutuma barua pepe. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Tumetuma tatu, kaka."

Mimi ndiye fundi wa kitengo hicho, hivyo barua iliishia mezani kwangu. Ilikuwa na mengi, mengine ya ada, mengine ya mtihani, lakini aya iliyopigiwa mstari ilisema kwamba Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, hawasomi, wanaangalia sura ya Mwalimu iliyoganda mdomo wazi. Somo lilikuwa takwimu. Wanafunzi 58, karibu wote wafanyakazi: walimu wa Kwale na Taita, makarani wa bandarini, wauguzi, dereva mmoja wa malori wa Mariakani, na wawili wa Faza, kule kisiwani Pate. Anayesomesha ni mama mtu mzima wa Mji wa Kale ambaye alinisomesha mimi pia, enzi za chaki. Nitamwita Mwalimu, kama nimwitavyo.

Chuoni kila mtu alikuwa na jibu tayari: waya wa baharini, ule unaotuletea intaneti. Na kwa kweli lilikuwa jibu zuri. Jumapili ya 12 Mei nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja nje ya pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kusuasua. Miezi michache nyuma, Februari, nyaya tatu za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeharibika, SEACOM ikiwemo. Kaskazini pabovu, kusini pamekatika. Nani angetafuta sababu nyingine? Tena Mombasa habari za nyaya ni habari za nyumbani. TEAMS ilitua hapa mwaka 2009 ikitoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, SEACOM mwaka huohuo, EASSy mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, kisha zikaja DARE1 na PEACE. Februari 2012 meli ilitia nanga pasipotakiwa, karibu na bandari yetu wenyewe, ikaikata TEAMS, na watu wa ofisi Nairobi na Kigali wakajua Mombasa iko wapi. Mtu anaweza kuoga bahari huku chini yake yanapita mazungumzo ya nchi nzima, na asisikie hata moja.

Tatizo la jibu hilo ni kalenda. Wale wanafunzi wa takwimu walikuwa wameorodhesha siku zilizoharibika, moja moja, kama walivyofundishwa kukusanya data. Ya kwanza ilikuwa Jumanne 7 Mei, ya pili Alhamisi 9 Mei. Nyaya zilikatika tarehe 12. Mgonjwa alikuwa keshalala kitandani kabla ya mbu kumwuma. Nikachukua mkoba wangu nikaenda Mji wa Kale.

Nyumba ya Mwalimu ni zile za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa nzima, dari zake za boriti. Waliojenga walitaka joto libaki nje na siri zibaki ndani. Waifai nayo ikahesabiwa kuwa siri. Ruta ilikuwa chini, kando ya mlango wa mbele, pale ambapo fundi aliyeleta fiba aliona panamtosha. Mwalimu husomeshea ghorofani, chumba cha nyuma, kwa sababu chini kuna wajukuu na televisheni.

"Lakini mimi nishapima," akaniambia. "Spidi yangu nzuri. Nilikuonyesha."

Alinionyesha, kweli. Alipima kwa simu, akiwa amesimama chini karibu na ruta. Nilipopima hapo nikapata megabiti 9 kwa sekunde za kupandisha. Nikapanda ngazi, nikakaa kwenye kiti chake, nikapima tena: kilobiti 300, mara 80, mara sifuri, mara 400. Mhadhiri anayetaka picha yake iende safi kwa kundi huhitaji kupandisha kama megabiti 1 kwa sekunde bila kuyumba. Hiki kipimo cha kupandisha ndicho watu hukisahau, kwa kuwa tangazo la kila kampuni husifia kushusha. Ruta ile ilikuwa imewekwa kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo ni mepesi kwenye nafasi wazi lakini hupita ukutani kwa shida kuliko yale ya 2.4. Na hapakuwa na ukuta mmoja. Palikuwa na mitatu.

"Kwa hivyo mwanangu, muda wote huu nasomesha ukuta?"

Nikanunua waya wa mtandao wa mita 20 kwa pesa zangu, nikaupitisha kandokando ya ngazi, nikaufunga juu kwenye boriti kwa uzi wa kushonea mikeka, maana Mwalimu alikataa misumari. Alhamisi ya 30 Mei picha ilitoka kwake kama maji ya kisima. Usiku ule nikaandika ripoti ya kufunga kesi, kurasa mbili, na kichwa cha habari kikubwa.

Jumanne iliyofuata wanafunzi wakalalamika tena.

Hapa lazima nikiri kosa ambalo si la mtandao. Programu za mikutano huweka kumbukumbu ya nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Nikazishusha kumbukumbu za mwezi mzima nikazichorea grafu, na grafu ilikuwa nzuri ya kutisha. Kila darasa, bila kukosa, saa 12:18 au 12:17, theluthi ya wanafunzi hupotea kwa mkupuo. Kufika saa 12:40 wengi wamerudi. Nikaandika chini yake, kwa herufi za mlazo: msongamano wa mitandao ya simu nyakati za jioni. Nikaipeleka kwa mkuu wangu, naye akaisifu. Tukaanza hata kuandika barua kwa kampuni ya simu.

Alhamisi 6 Juni nilibaki ofisini makusudi, niuone mshuko huo ukitokea, nijue ni laini za kampuni gani zinaanguka kwanza. Saa 12 ikapita. Saa 12:10. Nikakaza macho. Adhana ya Magharibi ikatoka msikiti wa jirani. Nikafunga laptopu, nikaenda kutawadha. Miguu yangu iko chini ya mfereji ndipo nikafahamu.

Mtoto wa Mombasa, nimezaliwa hapa, nikachora grafu ya Magharibi mwezi mzima nisiijue.

Ratiba yenyewe ilinakiliwa kutoka ile ya madarasa ya jioni ya chuoni. Huko ilifanya kazi miaka na miaka kwa sababu watu hutoka kimya kimya, wanaswali, wanarudi, na waliobaki huwanong'oneza walichokosa. Hakuna mashine inayowahesabu. Mtandaoni mambo ni mengine: unapotoka ukarudi, hakuna wa kukunong'oneza, na dakika 20 za takwimu ukizikosa katikati, zilizobaki ni mafumbo. Kwa hivyo sehemu kubwa ya "darasa linakatika" ilikuwa kweli tupu, ila aliyelikata ni aliyepanga saa.

Nikaitoa theluthi hiyo kwenye grafu. Kilichobaki kilikuwa na umbo jingine: baada ya saa 1 usiku, mmoja mmoja hudondoka, na hawa hawarudi. Grafu haikuweza kunieleza sababu, nikaona niwapigie simu. Niliwapigia kumi.

Karani wa bandarini aliniambia saa 12 jioni yeye huwa kwenye foleni ya feri. Darasa liko kwenye simu, simu iko mfukoni, waya uko sikioni. "Sura ya Mwalimu siioni, nikiitoa simu pale Likoni nitaipoteza. Lakini nasikia." Mama mmoja wa Mikindani husikiliza akipika, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Mwanafunzi mwingine, mwalimu wa shule kule Mwatate, huzima picha mwenyewe, kisha programu humrudishia kila inapojifungua upya. Karibu wote walitumia neno moja: bando. Bando linaisha, na likiisha saa 1 na robo, darasa limeisha saa 1 na robo.

Tupige hesabu, kwani hapa ndipo penye kisa chenyewe. Programu ya mikutano ikimletea mtu video ya kundi kwa ubora mzuri, huvuta kama kilobiti 600 kwa sekunde. Ndicho kiwango ambacho Zoom, kwa mfano, huwaelekeza wateja wake. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo hizo ni megabaiti 270 kwa saa. Darasa la saa mbili ni 540. Wiki moja, madarasa mawili, imepita gigabaiti 1, na hilo ni somo moja kati ya manne. Sasa chukua sauti peke yake. Kodeki (utaratibu wa kukandamiza sauti au picha) ya Opus, inayobeba sauti kwenye mikutano mingi ya siku hizi, hutoa usemi wa kueleweka kabisa kwa kilobiti 40 kwa sekunde au pungufu. Saa mbili: megabaiti 36. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walisema wahenga, wakimtazama chungu. Sisi tulikuwa tumesimama upande wa pili, tumeshika pipa, tunamimina kwenye kifuu na kushangaa mbona pembeni pote ni maji.

Na pipa lenyewe lilijaa nini? Uso, pazia, na ubao mweupe nyuma ya Mwalimu. Njia ikiwa nyembamba, programu hizi hupunguza uangavu wa picha, yaani wingi wa nukta zake, kwanza ili mwendo usikatike. Uso wa mtu ukipoteza uangavu bado ni uso. Fomula ikipoteza uangavu ni mdudu. Sigma, ile alama ya kujumlisha, na herufi E zilikuwa kitu kimoja. Wanafunzi walikuwa wakilipia megabaiti 500 na kuletewa kila kitu isipokuwa kile walichokuja kukitafuta.

Simu ya saba ndiyo iliyonigeuza. Muuguzi wa Kongowea aliponisikiliza wee, mwisho akacheka. "Mimi hiyo ya laivu nishaachana nayo. Sisi twanunua kadi."

Kadi gani?

Ikawa hivi. Chuo hurekodi kila kipindi na kukiweka kwenye tovuti, faili moja la megabaiti 700 hivi, ambalo sisi kwenye ripoti zetu tulikuwa tukilitaja kama "huduma kwa waliokosa". Mwanafunzi mmoja wa Nyali mwenye fiba nyumbani hulishusha usiku. Asubuhi hulipeleka kwa flashi kwenye kibanda kimoja karibu na soko la Kongowea, cha kijana anayeweka nyimbo kwenye simu za watu. Kijana hulipunguza, hulitia kwenye kadi za memori, na kadi husafiri. Za Ukunda na Msambweni hupanda matatu ya Likoni. Za Faza hupanda basi la Lamu, kisha boti. Bei ni ile ile ya nyimbo. Darasa letu lilikuwa na mtandao wake mzima wa usambazaji, na sisi wenye mtandao hatukuwa ndani yake.

Nikaenda kuona. Kijana yule hajui takwimu ni nini na hakuwa na haja ya kujua. Nikamwuliza amefanyaje hata megabaiti 700 zikawa 90 na ubao bado unasomeka.

"Hii haina mwendo, mkubwa. Ni mtu kasimama. Mbona iwe kubwa hivi?"

Nimehudhuria warsha mbili za video ya elimu na sikupata sentensi iliyonifaa kama hiyo. Kodeki kama H.264 hazihifadhi kila picha nzima; huhifadhi moja, kisha huandika kilichobadilika. Ubao haubadiliki ila pale kalamu inapogusa. Kurekodi ubao kwa picha 25 au 30 kwa sekunde, kama mpira wa miguu, ni kuwalipa walinzi watano walinde mlango mmoja. Kijana aliziweka 5 kwa sekunde, akaifanya sauti kuwa ya njia moja badala ya mbili, basi.

Nikarudi ofisini na swali jingine kabisa. Tulikuwa tukiuliza tufanyeje mkutano usikatike. Swali likawa: kwa nini hili ni mkutano?

Watu wa Mombasa twaelewa jambo hili kwa maji. Nyumba yenye tangi haijui mfereji umekauka saa ngapi. Maji yalipotoka yalijaza, yalipokatika watu waliendelea kuoga. Nyumba isiyo na tangi hunywa moja kwa moja kutoka mferejini, na mfereji ukikohoa, kikombe kimekauka. Video ya kutiririshwa ina tangi. Huja kwa vipande vya sekunde chache, simu huweka kadhaa akibani kabla ya kuonyesha, na njia ikiziba kidogo mtazamaji hajui. Gharama yake ni kuchelewa: unachokiona kilitokea sekunde 10, 20, hata 30 zilizopita. Mkutano hauwezi kuwa na tangi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, la sivyo watu huanza kukanyagana maneno. Kwa hivyo mkutano hunywa mferejini, kwa lazima, kwa sababu ni mazungumzo.

Na darasa la Mwalimu lilikuwa mazungumzo kiasi gani? Nikasikiliza rekodi nne mwanzo hadi mwisho, saa nane, adhabu ya haki. Wanafunzi walisema kwa jumla dakika 11 kwa kila darasa hivi, na ndani ya hizo kulikuwa na "Mwalimu, wasikika?" nyingi sana. Zilizobaki ni yeye peke yake akieleza, na anaeleza vizuri, na maelezo yale hayakuwa na sababu yoyote ya kunywewa mferejini.

Haya si mageni Afrika. African Virtual University ilipoanza mwaka 1997, mradi wa Benki ya Dunia, mihadhara ilishushwa kwa setelaiti upande mmoja, na wanafunzi, wakiwemo wa Kenyatta University, walijibu kwa sauti kupitia simu. Picha inakwenda, sauti inarudi. Walilazimika kwa uhaba. Sisi tulipopata njia pana tukaamua kila kitu kiende na kurudi, kwa kila mtu, kwa wakati mmoja.

Kikao cha ofisini sitakisimulia chote. Mwenzangu mmoja alitaka tununue leseni kubwa zaidi ya programu ileile, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu: ukaguzi wa chuo huhesabu saa za kufundisha za moja kwa moja, na darasa la kadi haliingii kwenye jedwali. Mkuu alitaka kujua nani atawajibika kama faili likisambaa. Mwalimu, aliyekuja amejifunga buibui lake na daftari mkononi, aliwasikiliza wote kisha akauliza, "Yule kijana wa Kongowea, mnamlipa lini?" Kikao kikaisha mapema.

Tulichofanya, kwa kifupi. Maelezo Mwalimu huyarekodi mapema, vipande vya dakika 20, bila uso wake. Mwanzo hakuwa na kifaa cha kuandikia, akaweka simu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kamera imechungulia ukingoni, karatasi iko chini, na kwa wiki mbili chuo kikuu kizima kilifundishwa takwimu kutoka juu ya mbuzi. Baadaye tulimpatia kibao cha kalamu. Mimi huvikandamiza vile vipande kwa utaratibu wa Kongowea: picha 5 kwa sekunde, sauti ya njia moja, jumla kama kilobiti 100 kwa sekunde. Dakika 20 hutoka megabaiti 15. Hutumwa Jumapili kwenye kundi la WhatsApp kama hati, si kama video, ili isikandamizwe tena ikavurugika, na mwenye kutaka kadi anajua pa kwenda.

Kipindi cha moja kwa moja kilipunguzwa kutoka saa mbili hadi dakika 40, saa 12:45 hadi saa 1:25, baada ya Magharibi na kabla ya Isha. Huko ni maswali tu. Tukakihamisha kutoka programu ya kulipia, ambayo mikutano yetu ilikuwa ikizungukia seva za Ulaya, tukakipeleka kwenye BigBlueButton, mfumo huria uliozaliwa Carleton University, Ottawa, mwaka 2007, na ambao KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, huuweka kwenye seva za humu nchini. Mwanga ndani ya waya wa kioo hutumia milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Kwenda Ulaya na kurudi, kwa njia za baharini, hula zaidi ya milisekunde 100 hata siku njema. Kwenda Nairobi na kurudi umbali hauli hata 10, na nanga ya meli haina cha kukata. Mfumo ule una mlango wa kuingia kama msikilizaji tu, na ubao wake hausafirishi picha ya ubao. Husafirisha mistari yenyewe, kalamu ilipita wapi, na simu ya mwanafunzi huichora upya. Sigma ikawa sigma.

Jumanne 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ya nchi iliporomoka alasiri na haikusimama vizuri hadi usiku. Kipindi cha maswali hakikufanyika. Lakini vipande vya wiki ile vilikuwa vimeshatoka Jumapili, viko kwenye simu za watu na kwenye kadi, na Ijumaa majibu ya zoezi yaliletwa 49 kati ya 58. Mwenzangu wa leseni aliyaangalia, akasema ni bahati. Labda.

Yaliyobaki mabovu ni mengi. Mwalimu hapendi kusema na karatasi. Anasema zamani alijua kwa macho ni nani kapotea, sasa anajua Jumanne, amechelewa siku mbili. Kundi la WhatsApp likifika maswali 60 hakuna anayesoma la tano. Wawili wa Faza huingia kwenye maswali ya moja kwa moja pale mnara unapotaka, na kadi haimjibu mtu. Kuhusu kamera, tulikuwa na kanuni ya kulazimisha kila mwanafunzi aiwashe, na nilipowapigia simu ndipo nikajua wanawake watatu waliacha somo kwa ajili hiyo: chumba kimoja, familia nzima nyuma. Kanuni tumeifuta. Sauti zao pia hatuziweki kwenye rekodi zinazosambazwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu wao kama inavyomhusu mwenye benki, na kadi ikishapita Kongowea hakuna anayeweza kuiita irudi. Na ukaguzi bado unahesabu saa. Kwenye jedwali la muhula ule, somo la takwimu linaonekana limefundishwa theluthi moja tu ya lilivyopaswa.

Kijana wa kibanda alilipwa mwezi Agosti, mara moja, kwa hundi, na hana akaunti ya benki. Risiti yangu ya waya, mita 20, iko kwenye droo ya mhasibu hadi leo. Anasema hana fungu la matumizi linaloitwa "ukuta".